KIYOYOZI NYUMBANI: KIFUNGWE VIPI KISITUDHURU?

Swali linaloulizwa sana kuhusu kiyoyozi ni hili: je, baridi yake huleta nimonia? Jibu ni fupi. Nimonia huletwa na vijidudu. Hewa baridi na kavu inaweza kukausha koo na pua, na kumsumbua mwenye pumu, hasa kama chujio ni chafu. Mtoto mchanga naye asilazwe mahali ambapo upepo wa mashine unampiga moja kwa moja. Lakini baridi ndiyo hatari ndogo kuliko zote. Zipo tatu kubwa, nazo hazionekani kwa macho: umeme unaovuja, gesi isiyofaa, na hewa iliyofungiwa ndani. Umeme na gesi huamuliwa siku ile ile fundi anapokuja na ngazi yake. Hewa iko mikononi mwa wenye nyumba kila siku.

Zamani AC ilikuwa kitu cha benki na ofisi za wakubwa. Siku hizi, ukipita mitaa ya Kambarage mjini Shinyanga, au Kahama na Geita kwenye dhahabu, utaona sanduku la feni limening'inia ukutani hata kwenye nyumba ya kawaida. Hakuna ubaya. Mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla mvua haijaanza, joto la kwetu halina huruma, na mgonjwa wa moyo au mzee huteseka nalo kweli.

Mashine yenyewe ni pampu

Watu wengi hudhani kiyoyozi hutengeneza baridi. Sivyo. Kinahamisha joto. Kama pampu ya kisima inavyoyanyanyua maji ambayo peke yake yasingeweza kupanda juu, ndivyo kompresa inavyolichota joto ndani ya chumba na kulimwaga nje, ambako tayari kuna joto zaidi. Kinacholibeba joto hilo ni gesi inayozunguka kwenye mabomba ya shaba: ndani inakuwa baridi na kulinyonya joto, nje inabanwa na kulitoa. Friji yako hufanya kazi ile ile, ndiyo maana nyuma yake huwa na joto.

Pampu hiyo ikigeuzwa, huleta joto ndani. Jambo hili lilielezwa mwaka 1852 na mwanasayansi William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, na mwaka 1938 ukumbi wa manispaa ya Zurich, Uswisi, ulianza kupashwa joto kwa kulichota kutoka maji ya mto Limmat. AC nyingi zinazouzwa leo zina kitufe cha joto pia. Wakati wa usiku wa baridi wa Juni na Julai, kitufe hicho ni salama kuliko jiko la mkaa ndani ya chumba, mradi mashine yenyewe imefungwa vizuri. AC ya BTU 12,000 huhamisha joto la wati 3,500 hivi kwa kutumia umeme wa wati 1,000 hadi 1,200 tu. Mzigo huo si mkubwa kama wengi wanavyodhani, lakini huendelea saa nyingi mfululizo, na waya mwembamba hauvumilii.

Umeme: sakiti breka haimlindi mtu

Hapa naomba msomaji asome polepole. Wengi husema, "Nyumba yangu ina sakiti breka, sina wasiwasi." Sakiti breka ya ampea 16 imewekwa ili waya usiungue. Itakata umeme pale tu mzigo unapozidi ampea hizo, au waya zinapogusana. Lakini moyo wa binadamu unaweza kuvurugwa na umeme wa miliampea 30 tu kupita kifuani, yaani sehemu 30 kati ya 1,000 za ampea moja. Umeme huo ni mdogo mara zaidi ya 500 kuliko ule unaoifanya breka ikate. Kwa hiyo mtu anaweza kufa ameshika bati la mashine, na breka isishtuke hata kidogo.

Kinachomlinda mtu ni vitu viwili. Cha kwanza ni waya wa ardhini, ambao mafundi huuita ethi, wenye rangi ya kijani na mstari wa njano. Waya huu hufungwa kwenye bati la mashine, na mwisho wake ni fimbo iliyochimbiwa ardhini. Umeme ukivuja kwenye bati, unapata njia ya kwenda ardhini bila kupitia mwili wako. Cha pili ni swichi inayokata umeme mara unapoanza kuvuja, ile iliyoandikwa 30 mA. Ukiona fundi amekata ncha ya ethi kwa sababu "haina kazi", mlipe nauli yake arudi kwao.

Kwetu Shinyanga lipo jambo jingine la pekee, nalo ni udongo. Udongo wa kichanga, ule Wasukuma wanaouita luseni, ukikauka hupitisha umeme kwa shida sana. Udongo mweusi wa mbuga nao hupasuka kiangazi, na fimbo hubaki imelegea katikati ya ufa. Ethi iliyopimwa mwezi wa Februari ikaonekana nzuri inaweza kuwa haifai mwezi wa Septemba, yaani wakati ule ule tunaowasha AC zaidi. Hivyo fimbo iende chini mpaka kwenye udongo wenye unyevu, na ipimwe kwa kipimo wakati wa kiangazi. Kuiwekea taa ikawaka hakutoshi.

AC iwe na njia yake peke yake kutoka kwenye boksi la breka, kwa waya wa milimita 2.5 za eneo, au mnene zaidi kama umbali ni mrefu au mashine ni kubwa. Isichomekwe kwenye kamba ya kuongezea pamoja na pasi na televisheni. Umeme ukikatika na kurudi, ngoja dakika tatu hadi tano kabla ya kuwasha. Kompresa ikilazimishwa kuanza huku gesi bado imebanwa, huungua. Kabla ya kazi, mwombe fundi leseni yake ya kufunga umeme inayotolewa na EWURA. Si kumkosea heshima. Daktari naye ana leseni.

Gesi na mtungi wa oksijeni

Mashine za zamani hutumia gesi ya R22, ambayo huharibu tabaka la ozoni linalotukinga na mionzi ya jua. Tanzania iliridhia Mkataba wa Montreal mwaka 1993, na nchi zinazoendelea zimepewa hadi 2030 kuiacha karibu kabisa. Mpya hutumia R410A au R32, na nyingine R290, ambayo ni propani, ndugu wa gesi ya kupikia. Kila mashine ina kibandiko kinachotaja gesi yake, na gesi hiyo tu ndiyo itiwe. R410A hukaa kwa mgandamizo unaozidi ule wa R22 kwa zaidi ya nusu, hivyo vifaa vya R22 havifai. Gesi ya kupikia isitiwe kamwe katika mashine isiyotengenezwa kwa ajili yake. Itapoza, ndiyo, na hapo ndipo mtego ulipo: siku itakapovuja ndani ya chumba, cheche moja ya swichi inatosha.

Hatari kubwa zaidi inamkabili fundi mwenyewe. Mabomba yakishaungwa, lazima yajaribiwe kama yanavuja, kwa kuyajaza hewa ya mgandamizo. Hewa inayofaa ni nitrojeni kavu, kupitia mita ya kupunguza mgandamizo. Lakini katika miji yetu ya migodi, karakana za kuchomelea ni nyingi, na mtungi wa oksijeni hupatikana kirahisi kuliko wa nitrojeni. Oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka kama bomu. Basi wewe mwenye nyumba, hata kama hujui lolote la ufundi, uliza swali hili moja: "Mtungi huo una nini?" Jibu likiwa oksijeni, kazi isimame, na watoto waondoke.

Gesi hizi ni nzito kuliko hewa, hutuama chini na kuisukuma hewa safi itoke. Zikivuja kwa wingi chumbani, fungua madirisha na mtoke. Msiwashe kiberiti. Gesi kama R22 na R32 zikipita kwenye moto hubadilika kuwa mvuke wa sumu unaounguza mapafu. Zikimrukia mtu zikiwa maji maji, huunguza ngozi kwa baridi. Osha mahali hapo kwa maji ya uvuguvugu, usisugue.

Hewa iliyofungiwa

AC ya ukutani haileti hewa kutoka nje. Huizungusha ile ile iliyomo chumbani. Kwa hiyo jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba hicho, na jenereta ikae mbali na madirisha, maana hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Katika ukanda wetu wa dhahabu jambo hili lina uzito zaidi. Vumbi la mwamba linaloingia mapafuni mwa wachimbaji huleta silikosisi, na mwenye silikosisi hupata kifua kikuu kirahisi. Vijidudu vya kifua kikuu huelea hewani, na dirisha lililo wazi huvipunguza. Tukifunga madirisha usiku kucha kwa ajili ya AC, huku ndani kuna mtu anayekohoa, tunagawana pumzi yake. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe. Wakati huo chumba kipate hewa ya nje, hata kama joto litaingia.

Maji yanayodondoka kwenye bomba la mashine yaelekezwe bustanini. Yakituama kwenye kopo nyuma ya nyumba, mbu watazaliana humo. Chujio lioshwe kila wiki mbili. Kwa vumbi letu la kiangazi, hata kila wiki. Na sanduku la nje, lenye uzito wa kilo 25 hadi 35, lisitundikwe kwenye ukuta wa tofali za tope. Liwekwe chini, juu ya zege.

Mtu akipigwa na umeme

Usimshike. Zima meni swichi kwanza. Ikiwa huwezi, simama juu ya kitu kikavu, umsukume kwa ubao mkavu au mti mkavu. Akiwa hapumui, mlaze chali mahali pagumu, weka viganja katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kama umefundishwa, kila baada ya mibonyezo 30 mpe pumzi 2. Kama hukufundishwa, endelea kubonyeza tu bila kuacha mpaka msaada ufike. Usimmwagie maji, wala usimzike mchangani kama wengine wanavyoshauri. Hata akizinduka na kusema hana tatizo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu jeraha dogo la kidoleni linaweza kuficha kuungua kukubwa ndani, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika baadaye. Kwa moto, namba ya Zimamoto ni 114.