Kiungulia na dawa ya kabla ya chai

Jirani yangu hutembea na kapsuli za omeprazoli kwenye pochi. Akishashiba biriani ya harusi, kifua kikianza kuwaka na maji makali kumpanda kooni, humeza moja, kisha analalamika kwamba dawa za siku hizi ni feki. Si feki. Amechelewa kuimeza.

Fungua kapsuli moja juu ya kisahani. Zitamwagika chembe nyeupe ndogo kama punje za sagu. Kila chembe imevikwa koti linalostahimili asidi ya tumbo na kuyeyukia kwenye utumbo mwembamba, ndiyo maana hazitafunwi wala kusagwa. Kutoka utumboni dawa huingia kwenye damu, na damu ndiyo inayoirudisha tumboni kwa mlango wa nyuma, hadi kwenye chembehai za ukuta wa tumbo zinazotengeneza asidi. Humo mna pampu za protini zinazosukuma asidi nje. Dawa ikikutana na asidi ya pampu hubadilika umbo na kuing'ang'ania pampu moja kwa moja. Pampu hiyo haifanyi kazi tena mpaka mwili uunde nyingine. Kwa hiyo, ingawa dawa yenyewe huisha kwenye damu baada ya saa chache, nguvu yake huonekana hata kesho yake.

Lakini hunasa pampu zilizo kazini tu. Zilizolala zimejificha ndani ya chembehai, na kinachoziamsha ni chakula. Basi dawa inatakiwa iwe imeshafika inakozisubiri: nusu saa hadi saa moja kabla ya chai ya asubuhi. Hata hivyo, siku ya kwanza hazinaswi zote. Nafuu kamili huja baada ya siku tatu au zaidi.

Anayetaka nafuu ya papo hapo atafune vidonge vya magnesiamu. Hivyo ni besi, hukutana na asidi tumboni na kuipooza pale pale, ila havidumu. Bibi zetu waliolamba magadi walitumia kemia hiyo hiyo, na ile mbweu inayofuata ni hewa ya kaboni inayotoka. Tatizo la magadi ni sodiamu yake, si rafiki wa mwenye presha.

Katikati ya omeprazoli na hizi za papo hapo ipo familia ya simetidini, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1976. Huzuia histamini isifikishe kwa chembehai amri ya kutoa asidi. Kazi ya kuigundua ilichangia kumpa mtafiti James Black Tuzo ya Nobel mwaka 1988.

Aliyetumia omeprazoli kwa miezi akiiacha ghafla, asidi inaweza kurudi kwa kishindo kwa muda, naye akadhani ugonjwa umezidi. Kuhusu kuipunguza, aongee na daktari. Na asiendelee kujinunulia dawa dukani anayemeza kwa shida, anayekonda bila sababu, anayetapika damu au anayepata choo cheusi kama lami. Maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi na kuleta jasho ni ya kukimbilia hospitali, si ya kutafunia kidonge.

Jambo moja hawalisemi sana madukani: hakuna hata moja kati ya dawa hizi inayofunga ule msuli uliolegea kati ya umio na tumbo. Maji yanaendelea kupanda, ila yamepungua ukali. Kwa usiku, jirani yangu nilimshauri ale mapema, saa tatu hivi kabla ya kulala, na aweke tofali chini ya kila mguu wa kitanda upande wa kichwani. Mito mingi haisaidii, inakunja tumbo tu.