Unyumba Mbele ya Mnasihi
(Makala ya Pili)

Katika makala iliyotangulia tulieleza kwa jumla kazi ya mnasihi, yaani mtu aliyesomea elimu ya nafsi akawa anawatibu watu kwa mazungumzo badala ya vidonge na sindano, na tukaahidi kwamba safari hii tutaingia katika jambo ambalo wengi wa wanaomwendea hulizunguka kwa muda mrefu kabla ya kulitaja, nalo ni jambo la unyumba. Wengi wetu tulimjua mshauri wa aina hii kwanza katika vituo vya kupimia virusi vya UKIMWI, na huko tuliulizwa habari za kitandani kwa dakika chache, na kwa upande wa hatari peke yake: umelala na nani, mlijikinga au hamkujikinga. Hakuna aliyetuuliza kama tendo lile lina raha au lina maumivu, wala kama limekoma tangu mwaka juzi bila ya mke na mume kuambiana neno.

Huletwa upesi hoja, kila mambo haya yanapotajwa, kwamba kuyasema ni desturi ya Wazungu, na kwamba muungwana aliyelelewa akaleleka humeza akanyamaza. Hoja hii haisimami mbele ya vitabu vyetu wenyewe. Wanaosoma Hadithi wanaijua habari ya Bi Ummu Sulaimu, mama yake Anas bin Malik, aliyemwendea Mtume, akatanguliza udhuru kwamba Mwenyezi Mungu haoni haya katika jambo la haki, ndipo akauliza kama mwanamke naye hupaswa kuoga aotapo ile ndoto ambayo wanaume huiota. Akajibiwa kwamba hupaswa, akiona maji. Bi Ummu Salama, aliyekuwapo, aliufunika uso wake; lakini, na hapa ndipo penye faida kwetu, hakuinuka akatoka, bali aliuliza swali la pili hali uso umefunikwa. Na Sayidina Ali, shujaa wa Khaibar, alisumbuliwa na kutokwa mara kwa mara na madhii, yale maji mepesi ya matamanio, akaona haya kumwuliza Mtume kwa kuwa alikuwa amemwoa binti yake, basi akamtuma Miqdad bin Aswad akamwulizie. Haya haikumzuia kujua; ilimbadilishia njia tu. Mtu wa leo ambaye ulimi wake unakataa kabisa anaweza kuandika mistari mitatu katika karatasi, akamkabidhi mnasihi akae akaisome mbele yake, na wanasihi wenye uzoefu huipokea karatasi hiyo bila ya kuona ajabu yoyote.

Katika pwani yetu mambo haya yaliwekewa watu wake. Mwari alikuwa na somo, au kungwi kama wengine wanavyomwita, aliyemfunda ndani, akamsindikiza hata chumba cha harusi, akabaki kuwa mtu wa kuulizwa katika maisha ya ndoa. Marehemu Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini wanawake wa kisiwani walimjua vile vile kwa ngoma ya unyago, ambamo yale yasiyosemwa barazani huimbwa na kuchezwa waziwazi mbele ya wanawali. Kadhi naye alikuwa na fungu lake. Mke aliyeolewa na mume asiyeweza kumwingilia ana ruhusa ya kwenda mbele ya kadhi na kulitamka hilo kwa kinywa chake, na katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, kadhi humpa mume muhula wa mwaka mzima, ili majira yote yampitie, ijulikane kama ila yake ni maradhi yaondokayo pamoja na joto au baridi, au ni kilema cha kudumu. Tazama uangalifu wa mafakihi wale, waliokataa kumwita mwanamume mkosefu kabla ya kuuchunguza mwili wake kwa miezi kumi na miwili.

Ila somo hufundisha, na kadhi huhukumu. Somo humpa kila mwari mafunzo yale yale aliyopewa yeye, na sehemu kubwa ya mafunzo hayo ni jinsi ya kumridhisha mume, hata mke ambaye tendo lenyewe linamwumiza hupata kwa somo faraja, pengine na majani ya kujifukiza, na nasaha ya kusubiri. Kadhi hufikiwa wakati ndoa imekwisha kuchakaa, na kila neno lisemwalo mbele yake ni ushahidi wa kumfaa mmoja na kumdhuru mwenziwe. Mnasihi hana funzo la kutoa kabla ya kusikia, wala hana hukumu ya kupitisha, na yeye si jamaa wala jirani ambaye utakutana naye arusini kesho kutwa ukalazimika kuinamisha macho. Ugeni wake, ambao wengi huutaja kuwa aibu ya jambo hili, kwa rai yangu ndio fadhila yake kubwa.

Namna ya kuuliza ni elimu peke yake. Alfred Kinsey, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Indiana huko Marekani, ambaye kabla ya hapo alikuwa bingwa wa kuchunguza nyigu, alitoa vitabu viwili, cha wanaume mwaka 1948 na cha wanawake mwaka 1953, vilivyotokana na mahojiano ya maelfu ya watu. Majibu aliyaandika kwa alama za siri ambazo watu wachache tu wa ofisi yake walizijua, na kanuni yake ilikuwa kutomwuliza mtu kama amewahi kufanya jambo fulani, bali lini alilifanya mara ya kwanza, ili yule asiyelifanya akanushe, na yule aliyelifanya aondokewe na mzigo wa kukiri. Kanuni hii huenda ilifaa kwa watu wake. Kwetu, mnasihi atakayemwuliza mama mtu mzima wa Lamu swali la namna hiyo atabaki peke yake chumbani kabla hajafika swali la pili, na kwa hiyo wenye busara huanza mbali, kwenye usingizi, hamu ya kula, na afya ya mwenzi, wakakaribia kidogo kidogo, na kabla ya kila hatua wakaomba ruhusa.

Ruhusa hii si adabu tupu. Jack Annon, mtaalamu wa Kimarekani, alipanga mwaka 1976 ngazi nne za tiba ya matatizo ya unyumba, na ngazi ya kwanza kabisa ni ruhusa yenyewe, yaani mtu kuambiwa kwamba jambo lake linasemeka na kwamba si yeye peke yake aliye nalo. Ya pili ni maarifa machache, ya tatu ni mashauri mahsusi, na ya nne ndiyo tiba ndefu. Wengi huponea katika ngazi za chini.

Na tuchukue mfano, wa kubuni, lakini ulio karibu sana na yatokeayo. Mzee wa miaka 55, muuza vitambaa, amemwendea mnasihi kwa kuwa halali usiku, na mnasihi ni mwanamke wa umri wa binti yake. Kwa muda wa saa nzima amelalamikia kodi na wadeni wasiolipa, na sasa amekwisha kuinuka, kofia mkononi, ndipo anaposema, “Na mambo ya nyumbani, binti yangu, nayo si kama zamani.”

“Karibu ukae tena, mzee wangu. Ni maelewano baina yako na mama, au ni mambo ya chumbani?”

“Ya chumbani.”

“Hamu ndiyo iliyopungua, au hamu ipo ila mwili hauitikii?”

“Hamu ipo.”

“Na alfajiri, unapoamka kwa sala, mwili nao huwa umeamka?”

Mzee huitazama kofia yake. “Huamka,” asema. “Siku nyingi huamka.”

Swali hilo la alfajiri, ambalo mgeni angeliona utovu wa adabu, ndilo lililobeba tiba yote. Mwanamume ambaye mwili wake husimama usingizini au wakati wa kuamka, kisha hulegea mbele ya mke, aghalabu mishipa yake ya damu na ya fahamu ni mizima, na adui yake ni hofu, au ugomvi, au mawazo ya wadeni wale wale aliowalalamikia. Yule ambaye nguvu zilimtoka polepole, mchana na usiku, yafaa apelekwe kwanza kwa tabibu akapimwe sukari, shinikizo la damu na moyo, kwa maana mishipa ya uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, na kuziba kwake huenda kukaonekana miaka kadhaa kabla moyo haujaanza kuuma. Zipo pia dawa zinazoleta hali hiyo, kama baadhi ya zile za shinikizo la damu, mathalani propranololi. Na baadhi ya dawa za sonona, mathalani fluoksetini, huchelewesha kilele kwa wanaume na kwa wanawake. Haifai mtu kuzitupa kwa kusoma makala hii. Amwambie daktari wake, ambaye mara nyingi anaweza kumbadilishia.

Lakini mtu ambaye, kama wasemavyo vijana, jogoo wake hapandi mtungi, kwanza humwendea muuza vumbi la Kongo, ule unga wa kutafutia nguvu za kiume, na sababu yake naielewa: muuza vumbi haulizi chochote. Pesa hutoka, kifuko huingia mfukoni, na haya imesitirika. Hata sildenafili, ambayo ni dawa ya kweli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, ikinunuliwa kichochoroni na mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya naitreti, huweza kulishusha shinikizo lake la damu kwa ghafula hata akafa.

Upande wa wanawake lalamiko huja kwa jina jingine: kiuno, kichwa, uchovu wa kazi. Daktari mwenye foleni ndefu huandika Panadol, na mke hurudi mwezi ujao na kiuno kile kile, kumbe muradi wake ni kupata sababu ya kulala mapema. Maumivu ya tendo la ndoa yana asili nyingi, na kila moja ina dawa yake. Uke hukauka baada ya hedhi kukoma, na hukauka pia kwa mama anyonyeshaye, yapo makovu ya uzazi, yapo maambukizo, na kwa wanawake waliokeketwa kisha wakashonwa, kama ilivyokuwa desturi ya Wasomali wengi, wakiwamo wa kaskazini mashariki ya Kenya, ambako sheria ya mwaka 2011 imekataza jambo hilo, kovu huhitaji kwanza mkono wa mpasuaji. Tena kuna hali ambayo misuli ya mlango wa uke hujibana bila ya hiari, kama kope inavyofumba kitu kikilikaribia jicho. Mume huidhani ni chuki, na mke, asiyejua kinachotendeka mwilini mwake, huanza naye kuamini kwamba hampendi mumewe. Hutibiwa kwa mke kuujua mwili wake, kujifunza kuvuta pumzi na kulegeza misuli, na kutumia, kwa mkono wake mwenyewe na kwa kasi yake mwenyewe, vifaa laini vinavyoanza na chembamba kuliko kidole na kuongezeka unene kwa taratibu. Wengi hupona, mradi mume ajue kwamba kumharakisha ni kumrudisha nyuma.

Katika tiba ya mke na mume pamoja, njia iliyo mashuhuri ni ile ya daktari William Masters na mwenziwe Virginia Johnson wa mji wa St. Louis, iliyotangazwa katika kitabu chao cha mwaka 1970. Waliwapokea watu wawili wawili, wakawaweka chini ya waganga wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, kwa muda wa majuma mawili, na amri ya kwanza waliyowapa ilikuwa kutokutana kimwili. Msomaji asicheke. Waligundua kwamba mtu aliyeshindwa mara moja huingia kitandani akiwa mtazamaji wa nafsi yake, akijipima kila dakika kama ataweza, na kujipima huko ndiko kunakomshinda. Kwa hiyo mtihani wenyewe ukafutwa. Mmoja humpapasa mwenziwe mgongo, mikono, nywele, nyayo, akiacha matiti na sehemu za siri, si kwa kutaka kumwamsha bali kwa kuhisi tu ngozi, joto na pumzi, kisha huachiana zamu. Siku za mbele mipaka hupanuliwa. Husemwa kwamba baadhi ya watu hurudi kwa mnasihi na sura za wakosefu, wakiungama kuwa amri imewashinda, na mnasihi hakasiriki. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwisha kuandika katika kitabu chake cha Ihya kwamba mume asiharakishe, atangulize maneno mema na busu, na akitimiza haja yake amngojee mkewe naye atimize yake. Sijui ni wangapi katika wale wanaolitaja jina lake kwa taadhima waliofika ukurasa huo.

Sasa mipaka, ambayo ni ya lazima. Mazoezi haya hufanywa nyumbani, mke na mume peke yao. Mnasihi hamgusi mtu, hamvui nguo, wala hatazami. Mwenye kuupima mwili ni tabibu, katika zahanati, kwa idhini ya mgonjwa na akiwapo mtu wa tatu mgonjwa akitaka. Huenda mtu akampenda mnasihi wake, kwa kuwa labda hajapata kusikilizwa namna ile tangu azaliwe, na Sigmund Freud aliandika juu ya mapenzi hayo mwaka 1915 kwamba mganga asiyapokee wala asiyadhihaki, bali ayafanye sehemu ya tiba. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kinamkataza mnasihi kuingia katika mapenzi na mtu anayemtibu, na hata baada ya tiba kwisha, kwa muda usiopungua miaka 2. Anayekuambia kwamba kulala naye ni dawa, toka upesi, ukamshitaki.

Limebaki suala la siri. Mnasihi hufunga kinywa, ila pale ambapo maisha ya mtu yamo hatarini au mtoto anadhulumiwa, na jambo hilo yampasa aliseme kabla hujaanza kueleza. Penye watu wawili kadhia huwa nzito zaidi. Mke akiitwa peke yake akasema kwamba yuko mwanamume mwingine, mnasihi afanye nini juma lijalo mume atakapoketi mbele yake akiuliza kwa nini tiba haisongi? Wako wanasihi wanaotangaza tangu mwanzo kwamba hawatashika siri ya mmoja dhidi ya mwenziwe, nao husikia machache. Na wako wanaoahidi kuishika, nao husikia mengi wasiyoweza kuyatumia. Mimi huwapendelea wa kwanza, ingawa najua kwamba kwetu ambako talaka hutoka kwa neno moja, mke atakuwa na sababu ya kuwachagua wa pili. Aulizwe mnasihi mapema ni yupi katika hao, siku ile ile anapoulizwa ada yake.

Katika makala ya tatu, Inshallah, tutawaendea vijana ambao hawajaoa, na wazazi wanaotaka kujua binti yao amemwambia nini mnasihi.