Unaona vitu viwili viwili? Sindano zingoje kwanza

Hebu funika jicho moja. Kikibaki kitu kimoja, jua macho yako hayaelekei pamoja. Kila jicho huzungushwa na misuli 6 inayoongozwa na neva 3. Neva moja ikilegea, jicho linapinda.

Korea Kusini, wapo wanaotibu shida hii kwa madaktari wa tiba asilia wenye leseni: sindano nyembamba kuzunguka jicho, pamoja na mitishamba. Bima ya afya huko hugharamia tiba ya sindano tangu 1987.

Je, zinaponya? Neva iliyoathiriwa na kisukari au presha mara nyingi hupona yenyewe ndani ya miezi 3 hadi 6, kwa hivyo usiharakishe kusifu sindano.

Ila ikianza ghafla, huenda ni kiharusi. Kimbia hospitali siku hiyo hiyo.