Usiseme "Ni Mafua Tu"

Mama akiulizwa mtoto ana nini, mara nyingi hujibu: "Ni mafua tu, yatapita." Kwa watoto wengi ndivyo ilivyo. Lakini mafua si ya aina moja. Mafua ya kawaida huja polepole, pua ikichuruzika. Influenza, yaani mafua makali, humshika mtoto ghafla kwa homa kali, kikohozi, maumivu ya mwili na uchovu. Wengi hupona baada ya wiki moja hivi. Wachache hupata nimonia, na wengine hufa.

Je, ni watoto gani walio hatarini zaidi?

Kwanza ni wale wadogo: walio chini ya miaka 5, hasa chini ya miaka 2. Mtoto wa chini ya miezi 6 ndiye wa kuangaliwa kuliko wote, kwa kuwa njia zake za hewa ni nyembamba na mwili wake haujazoea kupigana na magonjwa. Vivyo hivyo aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia.

Pili ni wenye ugonjwa wa kudumu: pumu, moyo, figo, kisukari, siko seli, au virusi vya UKIMWI. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo naye yumo, maana huenda akashindwa kukohoa na kutoa makohozi.

Tatu, utapiamlo humpunguzia mtoto nguvu ya kupambana na ugonjwa, na moshi wa kuni au sigara huumiza mapafu yake.

Hata hivyo, mtoto mwenye afya njema naye anaweza kuzidiwa. Kwa hiyo kila mzazi ajifunze kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, funua kifua chake, uhesabu kwa dakika 1 nzima. Anapumua haraka mno akifikisha:

– chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi;
– miezi 2 hadi 11: pumzi 50 au zaidi;
– mwaka 1 hadi miaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Mpeleke zahanati mara moja. Fanya hivyo pia kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea na kusinzia mno. Mchanga wa chini ya miezi 2 mwenye homa asingojewe hata kidogo.

Nyumbani, endelea kumnyonyesha na kumpa vinywaji. Usimpe aspirini, kwani huweza kuleta ugonjwa mbaya wa ubongo na ini. Wala usimpe antibiotiki zilizobaki kabatini: haziui virusi vya mafua.

Chanjo ya influenza ipo, nayo hutolewa kila mwaka kuanzia miezi 6. Mama akichanjwa akiwa mjamzito, humkinga pia mtoto atakayezaliwa. Muulizeni mganga wenu kama inapatikana karibu.

Basi, wazazi wapendwa, kabla ya kusema "ni mafua tu", hesabuni kwanza pumzi za mtoto.