Wimbo wa Kinu Katika Nchi ya Ugeni

Mtu akiwa kwao hasemi ya kwamba anapenda wimbo fulani. Nyimbo zipo tu, kama moshi wa jikoni, wala hana haja ya kuzihesabu. Lakini na avuke ziwa, akae mwaka mmoja mahali pasipo mtu amjuaye babaye. Hapo ndipo atakapotambua ni zipi zilizomlea.

Mimi nalizaliwa upande wa Kabambare, nikasomeshwa na mapadre kule Kasongo, na tangu mwaka 2016 nafundisha Kigoma, ng'ambo ya Tanganyika. Mwaka uliofuata, vita vilipoziharibu njia za Fizi na Kabambare, nalipata habari kwa simu ya kwamba mama amefariki, tena amekwisha kuzikwa. Kwenda hakukuwezekana. Nikaomba Misa ya kumwombea, nikahudhuria, nikaitikia kila kiitikio. Wala chozi halikutoka. Ilipofika juma la tatu nalianza kuuogopa moyo wangu mwenyewe.

Nalikuwa nimepanga chumba Ujiji katika nyumba ya bibi mmoja mzee, Mwislamu mwenye ibada. Yeye hujiita Mmanyema, ijapokuwa hakupata kuiona Manyema. Watu wetu walifikaje huko? Kabla majeshi ya Dola Huru ya Kongo hayajaitwaa Kasongo, mwezi wa Aprili 1893, misafara ya Tippu Tip na wenziwe ilipita Kabambare, ikavuka ziwa, ikaingia Ujiji, kisha Tabora, hata pwani. Wengi wa Manyema walikwenda nayo, wengine wakichukua pembe za ndovu, wengine wenyewe wakiwa bidhaa. Nguo walizovaa zilichakaa njiani. Nyimbo hazikuwa na uzito, wakafika nazo.

Jioni moja bibi alikuwa barazani akimbembeleza kitukuu chake. Mimi nalikuwa nikisahihisha madaftari ya wanafunzi. Mara nikaona vidole vyangu vinapiga goti: mapigo mawili na kupumzika, mapigo mawili na kupumzika, kama mchi. Ulikuwa wimbo wa Kibangubangu aliouimba mama akitwanga sombe! Bibi aliuimba polepole mno, na maneno yalikuwa yamelegea kinywani mwake, kama jina la mtu lililoandikwa na karani asiyemjua. Hata hivyo ulikuwa wenyewe. Nikaenda nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, nikalia mpaka adhana ya Isha.

Zaburi ya 137, ambayo vitabu vyetu vya zamani huihesabu 136, yasimulia jinsi Wayahudi walivyotundika vinubi vyao mitini kando ya mito ya Babeli, wakiona vigumu kuimba za kwao katika nchi ya ugeni. Nimewafundisha wanafunzi zaburi hiyo mara nyingi, na hata siku ile sikuwa nimejiuliza kwa nini hawakuvitupa mtoni.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaangalia wenzangu walio ugenini. Tarehe 1 Desemba 2019 marehemu Papa Fransisko aliadhimisha Misa katika Basilika la Mtakatifu Petro pamoja na Wakongo wakaao Roma, kwa ile taratibu ya Zaire iliyokubaliwa mwaka 1988. Na waliocheza mbele ya altare ile kuu hawakuwa wakicheza kwa furaha tu. Na yuko Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, mwaka 1947. Alihamia Dar es Salaam mwaka 1978, akafariki huko mwaka 2010, na vijana wengi wa huku humdhani Mtanzania wa asili. Wimbo wake juu ya kifo ukipigwa dukani mimi husimama, ijapokuwa seminarini tulikatazwa muziki wa dansi.

Kesho yake nikamwuliza bibi kuhusu wimbo wake.

"Huo ni wa kilio, mwalimu," akasema. "Bibi yangu aliniambia ndio waliokuwa wakiulilia nchi yao. Maneno yake hatuyajui sisi. Moyo ukiwa mzito, twauimba."

Nikanyamaza. Maana wimbo ule wasema juu ya mbuzi aliyekula sombe kinuni, na mama mkwe akamsingizia bi arusi! Ni mzaha wa wasichana watwangao. Je, nimwambie? Ilinichukua siku mbili. Nalifikiri huenda waliouleta walikuwa na haki ya kuufanya wa kilio, na mwalimu asisahihishe kila kitu. Lakini yeye mwenyewe akanitaka nimweleze, nikashindwa kumficha mtu mzima.

Alinitazama muda mrefu. Kisha akacheka, akacheka hata kitukuu kikaamka.

"Mbuzi!" akasema, akijifuta macho kwa upindo wa kanga. "Miaka yote hii namlilia mbuzi! Haya mjukuu wangu, lete kinu hapa, uniimbie kama mama yako alivyoimba, upesi upesi."

Nikaleta kinu. Majirani wakachungulia juu ya ua kumwona mwalimu ameshika mchi.