Si Kila Homa ya Mtoto ni Malaria: Mzazi Ahesabu Pumzi, Mtoto Apimwe

Na Afisa Habari, Bukoba

Katika vijiji vya Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, mzazi anayeona mwili wa mtoto wake umechemka usiku huifikiria malaria kwanza. Fikra hiyo ina msingi, kwa kuwa ukanda huu wa Ziwa Victoria umesumbuliwa na ugonjwa huo kwa miaka mingi. Hatari huanza pale homa inaporudi mara ya pili na ya tatu, mtoto akipumua kwa shida, huku mzazi akiendelea kununua dawa ileile dukani bila mtoto kupimwa.

Malaria na nimonia huweza kuanza kwa dalili zinazofanana, yaani homa, kikohozi na kupumua haraka. Malaria kali huharibu chembe nyekundu za damu na kuongeza asidi mwilini, hivyo mtoto hupumua haraka na kwa kina. Katika nimonia, vifuko vya hewa vya mapafu hujaa usaha na majimaji, na oksijeni haiingii kwenye damu ipasavyo. Dawa mseto ya malaria haiui bakteria wa nimonia, wala amoksilini haiui vimelea vya malaria. Aidha, mtoto mmoja anaweza kuwa na magonjwa yote mawili kwa wakati mmoja.

Mzazi anaweza kuhesabu pumzi za mtoto kwa dakika 1 kamili, mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Anapumua haraka kupita kawaida iwapo pumzi zinafika 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2. 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11. Na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi kutimiza miaka 5. Mtoto huyo afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Dalili nyingine hazisubiri hata saa moja: kifua kubonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, kulegea mno, kupoteza fahamu au kupata degedege. Degedege ni dalili ya ugonjwa mzito na hutibiwa hospitali. Kwa familia za visiwa vya Muleba, kama Bumbire na Goziba, ambako safari ya hospitali huanzia majini, kusubiri kupambazuke kunaweza kugharimu uhai.

Homa ikirudi baada ya dozi kukamilika, mzazi amrudishe mtoto akiwa na kadi ya kliniki na kumbukumbu ya dawa zote alizotumia. Kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, hivyo damu huhitaji kuangaliwa kwa hadubini. Mtaalamu atachunguza pia seli mundu, ambayo ipo kwa wingi Kanda ya Ziwa, pamoja na kifua kikuu, maambukizi ya VVU na pumu.

Kinga nayo ipo. Chanjo ya kuzuia nimonia, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2013, hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kuhusu malaria, utafiti uliofanyika Muleba na kuchapishwa mwaka 2018 ulionesha kuwa vyandarua vilivyoongezwa kemikali ya PBO hupunguza maambukizi kwa watoto kuliko vyandarua vya kawaida vyenye dawa, kwa sababu mbu wa eneo hilo walikwishajenga usugu. Ni vema pia mtoto asikae jikoni penye moshi wa kuni.

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza watoto wa chini ya miaka 5 kuhudumiwa bila malipo katika vituo vya umma. Mzazi asikae nyumbani akikisia ugonjwa. Ampeleke mtoto akapimwe kwanza, dawa ifuate.