Kurefusha maisha au kutuliza maumivu? Mgonjwa anastahili yote mawili

SARATANI inapofikia hatua ya kutoponyeka, familia hujikuta katika njia panda. Je, iuze shamba ili jamaa yao aendelee kupewa dawa kali hospitalini, au imrejeshe nyumbani apumzike?

Wanaochagua kumpumzisha huhofia kulaumiwa kwamba wamemtupa. Hofu hiyo hutokana na dhana kuwa kutuliza maumivu ni kukata tamaa, na kwamba huduma hiyo huja tu baada ya madaktari kushindwa.

Utafiti uliofanywa Boston, Marekani, na kuchapishwa mwaka wa 2010 ulitilia shaka dhana hiyo. Wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokuwa imesambaa mwilini waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida. La pili lilipata matibabu hayo pamoja na wataalamu wa kupunguza maumivu, kichefuchefu na hofu, tangu mapema.

Kundi la pili lilikuwa na maisha yenye nafuu na huzuni kidogo. Aidha, ingawa wachache zaidi kati yao walipewa matibabu makali siku za mwisho, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 11.6, ilhali katika kundi la kwanza kipimo hicho kilikuwa miezi 8.9.

Matokeo hayo ni ya ugonjwa mmoja, wala si ahadi kwa kila mgonjwa. Hata hivyo, yanaonyesha kwamba nafuu na uhai si mahasimu.

Hapa Kenya, Nairobi Hospice ilianza kutoa huduma hizo mwaka wa 1990. Nchini Uganda, tangu 2004 wauguzi na maafisa wa kliniki waliopata mafunzo maalumu wameruhusiwa kuagiza mofini, dawa ya maumivu makali ambayo mgonjwa anaweza kuinywa nyumbani. Hatua hiyo iliwafaa hasa wakazi wa vijijini, ambako madaktari ni adimu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza mwaka wa 2002 kwamba huduma hii haikusudii kuharakisha kifo wala kukichelewesha.

Kwa hivyo, kabla ya shamba kuuzwa, kuna swali la kumuuliza mgonjwa angali na nguvu za kujibu: ni nini anachokithamini zaidi katika siku alizobakisha? Jibu lake ndilo linalofaa kumwongoza daktari, na pia kuwaondolea jamaa mzigo wa lawama.